Ushairi wa Aliyeacha Pombe: Mwangalio wa Rungwe

Aghalabu shairi la Kiswahili juu ya pombe ni shairi la mawaidha. Msemaji husimama juu na mlevi yu chini. Nafsi ya pili hutawala, na kitenzi huwa katika amri: acha, ona, jihadhari. Nia ya mashairi hayo yastahili heshima. Walakini yana upungufu mmoja mkubwa: aliyeacha pombe hasemi ndani yake, bali husemwa.

Upungufu huo huonekana wazi wilayani Rungwe. Godfrey na Monica Wilson, waliochunguza maisha ya Wanyakyusa katika miaka ya 1930, walieleza uzito wa neno ukwangala, yaani kukaa pamoja na wenzi kwa mazungumzo, chakula na kinywaji. Ndiyo maana Monica Wilson alikiita kitabu chake cha 1951 Good Company. Vijiji vya rika vilivyoelezwa humo havipo tena kama vilivyokuwa, lakini kimpumu, pombe ya ulezi inywewayo kwa mrija, si kitu kigeni kwa watu wa Tukuyu. Katika mazingira hayo aachaye pombe haachi kinywaji tu; huondoka katikati ya wenziwe. Shairi linalomhesabia fedha alizopoteza na aibu aliyoipata halijagusa hasara iwezayo kumrudisha penye chungu, nayo ni upweke.

Ushairi wawezaje kuieleza hasara hiyo? Jambo la kwanza la kutazamwa ni kitenzi. "Nimeacha" hueleza tendo lililokwisha, nayo ndiyo kauli ya ushuhuda wa kanisani: giza, tukio, nuru. "Sinywi" hueleza tabia iliyothibiti. Kauli zote mbili huahidi mengi kuliko awezavyo kuahidi mtu aliyeacha juzi. Kiswahili kina umbo la tatu, "sijanywa", ambalo hukanusha na papo hapo huacha mlango wazi. Mhubiri ataliona dhaifu. Mwenye kupona ataliona la kweli, kwa kuwa hesabu yake ni ya siku. Chama cha Alcoholics Anonymous, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1935, kilijengwa juu ya hesabu hiyo ya siku moja moja, na juu ya mlevi kumsimulia mlevi mwenziwe.

Jambo la pili ni kibwagizo. Katika shairi la mawaidha kibwagizo ni nyundo. Katika kinywa cha aliyeacha chaweza kuwa asubuhi nyingine: maneno ni yale yale, bali beti zilizotangulia zimeyabadili uzito.

Yaweza kudaiwa ya kuwa vina na mizani hupamba maumivu hata yakapoteza ukweli. Hatari hiyo ipo, lakini chanzo chake si arudhi. Sheria alizozieleza Sheikh Amri Abedi katika kitabu chake cha 1954 hazimkatazi mtunzi kusema udhaifu wake. Neno ukwangala lenyewe lina mizani nne, nusu kamili ya kipande cha mizani nane. Mlango umefungwa na mazoea ya watunzi.

Jambo la tatu, nalo ni kubwa kuliko yote, ni majibizano. Tangu enzi ya Mambo Leo, lililoanza 1923, magazeti ya Kiswahili yamewapa washairi uwanja wa kuulizana na kujibizana, hata kwa watu wasiojuana. Mawaidha hayangoji jibu, swali hulidai. Aliyeacha pombe akiuliza shairini akae na nani jioni, naye mwingine akamjibu kwa vina vile vile, kiasi cha ukwangala kimerudi pasipo chungu.

Shairi si dawa. Mlevi wa kupindukia akikatiza pombe kwa ghafula aweza kupatwa na kifafa hata kufa, na huyo mahali pake ni hospitali. Lakini akitoka hospitali atarudi kijijini kwake, na jioni itafika. Basi mhakiki alipimapo shairi la namna hii yafaa aulize, kabla ya kuhesabu mizani: ni nani asemaye, na je, amemwachia mwenziwe nafasi ya kujibu?