Kutambua Kazi Bora kwenye Mfumo wa Nyuma wa Jaguar E-Type

Mfumo wa nyuma wa Jaguar E-Type, gari lililooneshwa Geneva mwezi Machi 1961, umebebwa wote na fremu moja ya chuma. Katikati kuna difu ya Salisbury, na diski za breki zimefungwa ubavuni mwa difu hiyo badala ya kukaa magurudumuni. Kila upande una shafti fupi, mkono wa chini, na springi mbili zenye shokapu ndani yake. Fremu hushikwa kwenye bodi kwa raba nne. Propela shafti, bomba la breki, kebo ya handibreki na mikono inayoelekea mbele vikifunguliwa, fremu nzima hushushwa kwa jeki, na fundi anaweza kuifanyia kazi juu ya meza. Urahisi huo umeleta balaa yake: ni rahisi mno kuipaka rangi fremu na kung'arisha kila bolti, kisha kuirudisha ndani na ubovu wake. Kwa hiyo mnunuzi anayekagua kazi ya namna hii asitekwe na mng'ao. Aulize vipimo.

Pa kuanzia ni shafti fupi. Kwenye magari mengi shafti ya gurudumu huzungusha tu. Kwenye E-Type shafti hiyohiyo ndiyo mkono wa juu wa gurudumu, hakuna mwingine. Krosi, yaani kiungo kinachokunjika cha shafti hiyo, ikilegea hata kidogo, gurudumu lenyewe linacheza: linainama ndani na nje kila gari linapokata kona, na gari linayumba mkiani bila dereva kujua sababu. Krosi ziko nne, mbili kila upande, na zote zinapaswa kubadilishwa pamoja. Anayekagua ashike shafti na kuisukuma kwa nguvu juu na chini, kisha aizungushe mbele na nyuma. Pasisikike mlio wala kuhisiwa mwachano. Krosi ikikunjwa kwa mkono iende laini pande zote, kwa maana ile iliyogongwa kwa nyundo wakati wa kuingizwa hukaza upande mmoja na kulegea mwingine.

Mwinamo wa magurudumu ndiyo sehemu inayomtenganisha fundi hodari na mfungaji wa vipuri. Hakuna bolti ya kurekebisha. Mwinamo hupatikana kwa shimu nyembamba zinazowekwa kati ya shafti na diski ya breki. Shimu moja ya takribani nusu milimita hubadilisha mwinamo kwa karibu robo ya digrii. Magurudumu hutakiwa kuegemea ndani kwa juu, kwa robo tatu ya digrii, na kosa linalovumilika ni robo digrii tu. Kipimo huchukuliwa springi zikiwa zimezuiwa kwenye urefu maalumu kwa vyuma vya kupimia, si gari likiwa limeachwa likae litakavyo. Fundi aliyerudisha shimu zilezile za zamani baada ya kubadilisha krosi, beringi na diski hajapima; amebahatisha. Ni haki kumwomba aeleze kila upande una shimu ngapi na kwa nini.

Habu nazo hupimwa kwa geji ya saa. Mwachano wa beringi uwe kati ya milimita 0.05 na 0.15, unaowekwa kwa spesa na si kwa kukaza nati zaidi. Chini ya kila habu kuna pini ndefu inayounganisha nyumba ya habu, ambayo ni ya aluminiamu, na mkono wa chini. Maji yakiingia humo, pini hushika kutu na kung'ang'ania, na hapo ndipo nyundo hutumika vibaya. Ncha za pini zilizovimba, au uma wa mkono uliotanuka, ni ushahidi wa kazi iliyolazimishwa. Beringi za hapo hukazwa kidogo mno, kuanzia sifuri hadi milimita 0.05, na sili zake ziwe mpya.

Kwenye difu, adui mkubwa ni joto. Diski zikiwa zimeshikana na difu, joto la breki hupika sili za shafti mpaka zikauke, kisha mafuta hurushwa juu ya diski na pedi. Sili zikiwa zimevuja, pedi zilizolowa hazisafishwi, hutupwa. Tone moja la mafuta kwenye difu iliyotoka kufungwa upya linatosha kuikataa kazi. Krauni na pinioni hubaki jozi moja, na alama za meno hukaguliwa kwa rangi: zikae katikati ya jino, si ukingoni. Kama difu ni ya Powr-Lok, yaani yenye sahani zinazozuia gurudumu moja kuzunguka peke yake, gia ikiwa huru na gurudumu moja likiwa hewani huku jingine likiwa chini na kuzuiwa, lile la juu linapaswa kukataa kuzunguka kirahisi. Likizunguka bila ubishi, sahani za ndani zimekwisha. Mafuta nayo yawe ya difu za aina hiyo, la sivyo gari litanguruma konani.

Raba zinaweza kusubiri hadi hapa kwa sababu huonekana haraka. Bushi kubwa ya mkono unaoelekea mbele ina matundu, na yakae kwenye mstari wa mkono wenyewe. Yakikaa kinyume, gari hupokea mtikisiko wote wa barabara. Bolti zinazohitaji waya wa usalama ziwe nao, umevutwa upande wa kukaza, na nati za habu ziwe na spliti pini mpya. Mwisho wa ukaguzi ni mwendo wa barabarani wenye breki kali kadhaa, kisha gari lirudi juu ya jeki: sili, bolti za shafti na usawa wa diski vitazamwe tena vikiwa vya moto.