Siri Isiyo Siri: Mombasa katika Desertion ya Abdulrazak Gurnah

Msomaji wa riwaya ya Kiswahili ya upelelezi amezoea siri ya namna moja. Tangu Muhammed Said Abdulla alipochapisha Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, siri imekuwa fumbo linalohitaji akili ya Bwana Msa ili lifumbuliwe. Kutojua kwa jamii ndiko kunakozaa taharuki. Makala haya yanadai kwamba Desertion (2005), riwaya ya Gurnah iliyoandikwa kwa Kiingereza lakini yenye mizizi katika pwani yetu, inaugeuza utaratibu huo, na kwamba Mombasa ndiyo ufunguo wa kuuelewa mgeuko wenyewe.

Kisa kinaanza mwaka 1899 katika mji mdogo wa pwani. Hassanali, mwenye duka, anampokea Martin Pearce, Mwingereza aliyetokea nyikani akiwa hoi. Pearce na Rehana, dada wa Hassanali, wanapendana. Wapenzi hao wanaishi Mombasa bila ndoa, kisha Pearce anarudi kwao na kumwacha Rehana. Nusu karne baadaye, Unguja, Amin anampenda Jamila, mjukuu wa Rehana, na wazazi wa Amin wanakataa katakata.

Kwa nini Mombasa? Ujenzi wa reli, ulioanza huko mwaka 1896, ulikuwa umekijaza kisiwa wageni. Katika mji wa namna hiyo mwanamke angeweza kudhani kwamba hajulikani. Lakini yeyote aujuaye Mji wa Kale, vichochoro vyake, baraza zake na madirisha yake yanayotazamana, anatambua kwamba penye macho mengi hivyo hakuna la kufichika; kuna la kutosemwa tu.

Ndiyo maana siri ya Rehana si siri. Mamake Amin anaijua, naye anaitamka kama asomaye hati ya mashtaka. Siri ya mtungi, walisema wahenga, aijuaye kata. Hapa kata ni mji mzima. Basi taharuki haitokani na swali la nani alitenda, bali la nani atalipa. Wanaolipa ni Amin, anayetii, na Jamila, ambaye hakuwa na hatia yoyote.

Hata hivyo, tuna lawama. Rashid, msimulizi na mdogo wake Amin, anakiri kwamba hajui mapenzi yale yalianzaje. Kukiri huko ni uaminifu wa kisanaa. Lakini miaka ya Mombasa inapitiwa kwa muhtasari, kupitia vinywa vya wengine. Hatumsikii Rehana akiieleza. Riwaya inayoilaumu jamii kwa kumhukumu mwanamke bila kumsikiliza inamnyima kauli pale hasa alipoihitaji.

Huenda atetezi akasema kwamba pengo hilo ni la historia yenyewe: Waingereza waliacha maandishi, Rehana hakuacha. Tunakubali, lakini kwa shingo upande. Fasihi ina uhuru ambao kumbukumbu za serikali hazina, na Gurnah, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, ameutumia uhuru huo kwingineko ndani ya riwaya hiihii.

Kwa hiyo mwanafunzi anayeisoma Desertion asimtafute mpelelezi. Ajiulize badala yake ni majina mangapi ya mabibi zetu yangali yakitajwa kwa kunong'ona, na ni nani, miongoni mwetu tulio hai, anayeendelea kulipa.