Shujaa au Mtesaji? Usawiri wa Marquis de Sade katika Filamu

Mwandishi Mfaransa Marquis de Sade (1740-1814) alifungwa na tawala tatu: ya kifalme, ya mapinduzi na ya Napoleon. Maandishi yake yamejaa ngono na ukatili, hata jina lake likazaa istilahi ya kumtaja mtu anayefurahia kuwatesa wenzake. Makala haya yanahakiki filamu mbili zinazomhusu, na yanadai kwamba ile isiyomwonyesha kabisa ndiyo iliyoyaelewa zaidi maandishi yake.

Filamu ya kwanza ni Quills (2000), iliyoongozwa na Philip Kaufman kutokana na tamthilia ya Doug Wright. Sade, anayeigizwa na Geoffrey Rush, amezuiliwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Charenton. Anaponyang'anywa kalamu na karatasi, anaandika kwa divai juu ya shuka, kisha kwa damu juu ya nguo zake. Hatimaye anakatwa ulimi, na anakufa baada ya kumeza msalaba. Kifani, taswira ya kalamu isiyonyamazika imejengwa kwa ustadi mkubwa.

Hata hivyo, historia inasimulia mengine. Sade halisi hakukatwa ulimi, na alifariki akiwa na umri wa miaka 74. Hapo Charenton, kwa miaka kadhaa, aliruhusiwa kuongoza maonyesho ya tamthilia yaliyohudhuriwa na wageni kutoka Paris.

Msanii ana uhuru wa kubuni, na hilo si kosa. Tatizo letu ni la kimaudhui: ni nani ameachwa nje? Mwaka 1768 Sade alimpeleka Rose Keller, mjane maskini aliyekuwa akiomba sadaka, kwenye nyumba yake huko Arcueil, akamfungia na kumchapa. Mwanamke huyo alitoroka kupitia dirishani na kwenda kushtaki. Familia ya Sade ilimlipa ili aondoe mashtaka. Katika Quills mama huyu hana nafasi. Mtazamaji anabaki akiamini kuwa kosa la Sade lilikuwa kuandika tu.

Filamu ya pili ni Salò (1975) ya Mwitaliano Pier Paolo Pasolini, inayotokana na riwaya aliyoiandika Sade gerezani Bastille mwaka 1785. Pasolini ameihamishia mandhari katika Italia ya kifashisti ya miaka ya 1944-45. Wakuu wanne, akiwemo askofu na hakimu, wanawateka vijana na kuwatesa. Hamna shujaa wala ucheshi wa kutuliza. Dhamira ya mamlaka inajitokeza wazi: mwenye cheo anaugeuza mwili wa mnyonge kuwa mali yake. Kwa namna hii, Pasolini anamkaribia Rose Keller kuliko Kaufman, ingawa hamtaji.

Hapana shaka kwamba filamu hizi hazifai kuonyeshwa wanafunzi wetu. Hata hivyo, sisi walimu huwafunza kila siku wasimchanganye mwandishi na msimulizi. Kanuni hiyo ni sahihi, ila ina mpaka. Inatukataza kumhukumu mtu kwa sababu ya wahusika aliowabuni. Haituruhusu kumtakasa kwa sababu aliandika kwa ujasiri. Mhakiki anaweza kutetea haki ya kitabu kusomwa na papo hapo akasema wazi kwamba mwandishi wake alimwumiza mtu aliyekuwa na jina.