Basi la Morocco silioni

Vijiweni mjadala wa mechi ile ulishafungwa kwa neno moja: basi. Kwamba Desemba 6, 2022, kwenye Kombe la Dunia kule Al Rayyan, Qatar, Morocco walipaki basi mbele ya Hispania, wakaomba dua, matuta yakawabeba. Nimeirudia mechi, na basi silioni.

Anayepaki basi hurundika watu ndani ya boksi na kuondosha kila kinachokuja. Kocha wa Morocco, Walid Regragui, aliyekuwa na timu kwa miezi mitatu tu, alipanga 4-1-4-1 iliyobanana, kisha akachagua nani aachiwe mpira. Rodri na Laporte, mabeki wa kati wa Hispania siku hiyo, waliachiwa: chezeeni mtakavyo. Aliyenyimwa ni kiungo Sergio Busquets. Straika Youssef En-Nesyri mara nyingi hakuwakimbilia mabeki hao. Alisimama mbele ya Busquets, mgongo wake ukiziba njia. Pasi ikikosa katikati inakwenda pembeni, na mtego ulikuwa huko. Winga Hakim Ziyech anashuka kwa beki Achraf Hakimi, Sofiane Boufal kwa Noussair Mazraoui, kiungo wa jirani anasogea, na winga wa Hispania anabaki na watu watatu na chaki. Anarudisha nyuma. Wanaanza upya.

Ndivyo Hispania ilivyopiga pasi zaidi ya 1,000 katika dakika 120 bila goli.

Pale Pedri na Gavi, viungo wa Hispania, wanapopenda kupokea mpira, kati ya viungo na mabeki, aliketi kiungo wa Morocco, Sofyan Amrabat. Watu humsifu kwa kukata mipira. Mimi namsifu kwa kufika kabla ya pasi. Na mpira ukinaswa, haukubutuliwa. Kiungo mwenzake, Azzedine Ounahi, aliondoka nao. Luis Enrique, kocha wa Hispania wakati huo, alimsifu baada ya mechi akimtaja kwa namba 8 ya jezi, jina halikumjia. Basi lililopaki halina mtu wa namna hiyo.

Matuta mnayakumbuka: Sarabia wa Hispania, aliyeingizwa mwishoni kwa kazi hiyo, akagonga mwamba, kipa wa Morocco Yassine Bounou akapangua mbili, Hakimi, mzaliwa wa Madrid, akaudokoa taratibu katikati ya goli.

Nusu fainali dhidi ya Ufaransa ndiyo iliyonithibitishia kwamba nguvu yao haikuwa basi. Siku hiyo Regragui alianza na mabeki watano, na dakika ya 5 tu Theo Hernández akafunga. Dakika ya 21 nahodha Romain Saïss akashindwa kuendelea, akaingia kiungo Selim Amallah, wakarudi kwenye mabeki wanne, na Ufaransa ikaanza kuhema. Lakini sasa deni lilikuwa la Morocco. Wafaransa wakashuka, wakawaachia mpira, nao wakauzungusha mbele ya ukuta kama Hispania siku nane kabla, hadi dakika ya 79, Randal Kolo Muani, ambaye hata jasho lilikuwa halijamtoka tangu aingie, alipofunga la pili.