Kwa Gharama Yako Mwenyewe

Katika maandishi yote ya korona niliyosoma, zikiwemo hadithi, mashairi na shajara za watu waliokwama kwa nyumba na paka wao, hakuna yaliyonikaa kichwani kama tangazo la Jumapili, Machi 22, 2020. Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alilisoma mbele ya kamera. Lilikuwa na mambo mengi. Baa zifungwe. Ndege za kimataifa zisimame kuanzia usiku wa Jumatano, Machi 25. Na kila atakayeingia nchini kabla ya hapo apelekwe karantini ya lazima kwenye kituo kilichoteuliwa na serikali, kwa gharama yake mwenyewe.

Nataka tulisome jinsi tunavyosoma hadithi fupi. Najua kuna mtu atasema hiyo ni amri, bana, si fasihi. Sawa. Lakini kabla sijaacha chuo mwaka wa tatu, nilikuwa na mwalimu wa fasihi aliyetuuliza swali lilelile kila tukimaliza kusoma kitu: huyu mtunzi anadhani anaongea na nani? Sikutoka chuoni na digrii. Nilitoka na hilo swali.

Msafiri wa tangazo lile ni nani? Ukiyaangalia maneno yake, unamwona. Ana kadi ya benki. Alikuwa London kwa mkutano, au Dubai kununua viatu. Hoteli kadhaa za Nairobi zilikuwa kwenye orodha ya vituo, kwa hivyo anachagua tu atalala wapi. Na ana hatia kidogo, kwa sababu yeye ndiye aliyepanda ndege. Kumbuka hali ilivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza, aliyetangazwa Machi 13, alikuwa Mkenya aliyetoka Marekani akipitia London. Kwa matatu na kwa vibanda, korona ilikuwa ugonjwa wa wadosi, wa watu wa ndege. Sisi wa miguu tulikuwa tunaletewa. Sentensi ile ya gharama ilipita bila kelele nyingi, kwa sababu wengi wetu tulisikia ndani yake haki fulani: mwenye kuuleta aulipie.

Niseme mapema kwamba sipingi karantini. Machi 15 Rais Uhuru Kenyatta alikuwa ametoa amri laini zaidi: raia na wageni wenye vibali vya kuishi hapa waingie, bora wajitenge nyumbani au kwenye kituo cha serikali. Kujitenga nyumbani kunategemea mtu kuwa na nyumba ya kujitengea na nidhamu ya kukaa humo, na kuna waliorudi wakaenda moja kwa moja kwa matanga na kwa sherehe. Siku 14 zilikuwa na sababu ya kitabibu. Kirusi kinaweza kukaa ndani yako siku hizo zote kabla hujakohoa hata mara moja. Ugomvi wangu uko kwenye yale maneno ya mwisho, na mtu aliyebuniwa ili yamfae.

Kwa sababu ndege zilipotua, huyo mtu hakuwa peke yake ndani. Ndege za mwisho zilibeba wanafunzi waliofungiwa vyuo, wafanyabiashara wadogo, na wafanyakazi wa nyumbani kutoka Ghuba ambao waajiri wao waliwaambia tu warudi kwao. Binamu yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa akisafisha vyumba vya watu Doha, na alifika na begi moja na deni la wakala aliyempeleka. JKIA walisongamana kwa saa nyingi wakisubiri mabasi, wote pamoja, wenye homa na wasio na homa. Halafu akapelekwa kwenye mabweni ya chuo fulani. Sitakitaja. Mabweni ya vyuo nayajua vizuri, nimelala humo: choo kimoja, korido nzima, na bomba linalotoa maji likijisikia.

Bei kwenye vituo vya serikali ilikuwa Sh2,000 kwa siku. Piga hesabu: siku 14 ni Sh28,000. Wakati huo kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani Nairobi kilikuwa kama Sh13,500 kwa mwezi. Yaani miezi miwili ya kufua na kupika ili ulipie wiki mbili za kufungiwa. Na hoteli, ambako ungepata choo chako na kwa hivyo nafasi halisi ya kutoambukizwa, zilikuwa ghali mara kadhaa zaidi. Mwenye pesa alinunua karantini. Asiye nazo alinunua foleni ya choo pamoja na watu ambao hawakujua bado kama ni wagonjwa.

Kisha Aprili ikaja, na hadithi ikabadilika mkono. Kwenye vituo ambako kuna waliopatikana na virusi, Wizara iliongeza siku 14 nyingine kwa waliobaki. Kitabibu inaeleweka. Lakini soma upya na ile sentensi ya gharama: umewekwa mahali pamoja na wengine, mmoja akaambukiza, na bili yako ikapanda mara mbili. Binamu yangu alinitumia ujumbe wa sauti usiku ule, dakika nne, na sehemu kubwa yake ni kimya. Tulifungua kundi la mchango kwenye WhatsApp. Shangazi, majirani wa zamani, hata mtu aliyesoma naye darasa la tano, walituma mia mbili mia tatu. Siku ya 28 ilipofika alikuwa hana ugonjwa wowote, na bado alikaa siku mbili zaidi mpaka salio lilipwe. Risiti anayo mpaka leo. Imeandikwa "malazi".

Mwezi huohuo ikatangazwa kwamba watakaovunja kafyu watapelekwa karantini siku 14. Hapo ndipo tangazo la Machi lilipojieleza lenyewe. Kama karantini ni tiba, kinga, ulinzi wa jamii, unampelekaje huko mtu kwa kosa la kuchelewa kazini na kukosa matatu? Unampeleka kwa sababu wewe mwenyewe, uliyeiandika, unajua ni nini. Baadaye ikasambaa video ya watu wakiruka ukuta wa KMTC Nairobi, na neno lililotumika kila mahali lilikuwa "wametoroka". Hospitalini mtu huondoka. Kutoroka ni kwa jela. Lugha ilikuwa imeshaamua, sisi tulikuwa tunaifuata tu.

Neno karantini lenyewe halikuwa geni. Mtu yeyote aliyekulia kwenye wafugaji analijua kutoka kwa ng'ombe: ugonjwa wa midomo na miguu ukiingia, soko la mifugo linafungwa, na hakuna ndama anayevuka kwenda wilaya nyingine. Asili yake ni ya Waitaliano wa Venice na siku arobaini za meli kungoja nje ya bandari. Kwetu arobaini ziko mbili. Kuna ya mzazi: mwanamke akijifungua, haswa Pwani, anawekwa ndani siku arobaini, anapikiwa uji, anakandwa, watu wanamfanyia kazi zake. Amefungiwa kweli, hatoki, na hakuna anayemtumia bili. Halafu kuna zile za mwizi. Tangazo la Machi 22 lingeweza kuandikwa kwa kufuata ya kwanza. Lingemwambia msafiri: kaa ndani kwa ajili yetu, nasi tutakutunza. Kubadilisha maneno matatu kungetosha, na bajeti, najua, bajeti.

Ila kuhusu bajeti kuna kitu kinanichoma. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242 ya sheria zetu, ni ya mwaka 1921. Iliandikwa na mkoloni, mtu ambaye hatumtafuti kwa huruma. Kifungu cha 27 kinazungumzia mtu aliyekaribiana na ugonjwa wa kuambukiza na ambaye mahali anapoishi hapafai kuuzuia usienee. Kinasema anaweza kuondolewa na kutengwa, kwa cheti cha afisa wa afya na amri ya hakimu, na kwa gharama ya mamlaka ya mtaa wa mahali alipopatikana. Nimekisoma mara tatu nikidhani nimekosea. Mzungu wa 1921 alielewa kwamba ukimfungia mtu kwa faida ya wengine, hao wengine ndio walipe. Na alitaka hakimu aweke sahihi. Tangazo letu halikuwa na hakimu popote.

Matokeo hayakubaki kwa watu wa ndege. Waliokaribiana na wagonjwa nao walikuwa wakipelekwa vituoni, kwa hivyo mtaani kwetu namba 719 ikawa namba ya kuogopwa. Jirani mmoja alikohoa wiki mbili nyuma ya mlango uliofungwa, na mkewe akatuambia ni vumbi la mbao. Hakuwa mjinga. Alikuwa amepiga hesabu ya Sh2,000 mara watu watano wa nyumba moja mara siku 14, na mimi nikiipiga sasa hivi kwa simu inanipa Sh140,000. Amri iliyotakiwa kuwatoa wagonjwa mafichoni ikawapa sababu ya kujificha.

Mapema Mei serikali ilitangaza kwamba itabeba gharama za vituo vyake. Vizuri. Wale waliochangisha Aprili hawakusikia lolote kuhusu mia mbili mia tatu zao.

Na Agosti 1 ndege za kimataifa zikaruhusiwa tena. Masharti mapya yalimtaka msafiri awe na cheti cha kipimo cha PCR kilichofanywa ndani ya saa 96 kabla ya safari, na joto la mwili lisizidi nyuzi 37.5. Akitoka nchi zilizo kwenye orodha, hakuna karantini. Uliza tena lile swali la mwalimu. Msafiri wa Agosti hana hatia. Anatabasamu, amebeba kamera, anaenda Mara au Diani, na karatasi moja inatosha kumwamini.

Binamu yangu aliondoka tena mwaka uliofuata, Doha hiyohiyo. Kipimo cha PCR alikilipia mwenyewe.