Kadhia ya Pathfinder na Kufuli Lisilorithisha

Kosa kubwa katika kadhia ya Pathfinder, chombo kilichopelekwa Mirihi, halikutendeka huko. Lilitendeka duniani, kabla ya kutua, pale mafundi walipoiona hitilafu ya kompyuta ya chombo kujianzisha upya ikitokea, wakajaribu kuirudia isirudiwe, kisha wakaiweka nyuma ya programu ya kutua hata muda ukawaishia.

Hujja yao naijua: chombo hutua mara moja tu, na programu ya kutua ikikosea hapana chombo wala safari. Hujja hiyo naiheshimu, walakini siikubali, kwa kuwa kiini cha mfumo kilichokwama jana hakijapona kwa sababu leo hakikukwama. Na nimekwisha kusema mara nyingi katika safu hii kwamba tukio lisilorudiwa ndilo linalostahiki kuandamwa zaidi, maana aghalabu hutokana na kazi mbili tatu kukutana kwa wakati usiotazamiwa, na nafasi ya kukutana hukua kadiri shughuli zinavyozidi. Nao hawakujaribu hali ya shughuli kupita matarajio. Chombo kilipotua salama tarehe 4 Julai 1997, mawasiliano yakawa mema kuliko ilivyokisiwa, kazi za elimu zikaongezeka, na maradhi yakarejea, kila mara yakikatiza shughuli zilizosalia za siku ile. Neema ndiyo iliyoifichua taksiri, nayo ni taksiri ya kupanga, si ya bahati.

Sura yenyewe ni hii. Kazi ya hali ya hewa, ya daraja la chini, ilikuwa imeshika kufuli, yaani ruhusa ya kutumia kitu kwa zamu, lililo ndani ya wito wa select wa VxWorks, mfumo endeshi wa chombo, ikakatizwa. Kazi za kati zikaitamalaki prosesa. Kazi ya juu ya kugawa data ikasimama kulingoja kufuli. Na mpangaji wa njia ya data, aamkaye mara 8 kwa sekunde, akamkuta mwenziwe hajamaliza, akaamuru mfumo uanze upya. Kufuli lile liliundwa pasipo urithi wa kipaumbele, yaani kazi iliyolishika kupandishwa kwa muda hadi daraja la kazi inayolingoja, na desturi hii ya kuuacha ulinzi umezimwa hata mtumiaji aukumbuke mwenyewe naichukia tangu zamani. Lampson na Redell walikwisha kuieleza hatari hii mwaka 1980. Sha, Rajkumar na Lehoczky wakaichambua dawa yake mwaka 1990. Na kwamba kazi kubwa hulindwa mzigo uzidipo lilijulikana kabla yao wote: mwaka 1969, mfumo alioubuni Hal Laning kwa kompyuta ya safari ya mwezini ya Apollo 11 ulizidiwa na mzigo, kengele ya hatari ya 1202 ikalia, nao ukaziacha kazi ndogo ukazishika kubwa, watu wakatua mwezini.

Haki yao niwape: baada ya maradhi kurejea, kuiga tukio kwenye nakala ya chombo iliyoko duniani na kutuma rekebisho kutoka mbali kulifanywa vyema.

Nawe mwenye kiini kilichoganda mara moja usijue kwa nini, usikitoe kwa watu bado: washa ufuatiliaji wa makufuli, uzidishe mzigo kupita matarajio yako, na umtenge fundi mmoja asiye na kazi nyingine illa hiyo.