Nimepanda Mongomi wa Kolo nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki

Kwanza nikiri: mpaka mwezi uliopita sikuwahi kuvaa miwani ya VR. Ndiyo, nasoma uzamili, nashinda na kompyuta kutwa nzima nikichambua picha za setilaiti, lakini ile miwani nilikuwa naiona tu kwenye video za mtandaoni, mtu anapiga kelele sebuleni halafu anagonga TV. Kwa hiyo ukiona hapa chini nashangaa vitu ambavyo wewe ulishavizoea, nivumilie.

Kilichonivuta si mchezo. Rafiki yangu mmoja hapa Dodoma, mpiga picha za harusi, alijinunulia kamera ya nyuzi 360, ile inayopiga pande zote kwa mpigo. Akaenda nayo Kolo, akapanda nayo mpaka Mongomi, akatengeneza filamu ya dakika 12. Akaazima miwani, akaniita, akanikalisha kwenye kiti cha plastiki. "Andika unachokiona, usinionee huruma," akasema. Haya, namuandikia yeye, na wewe usome.

Kama hujafika: Kolo ni kijiji cha wilaya ya Kondoa, kando ya barabara kuu ya Dodoma kwenda Babati, kama kilomita 180 kaskazini mwa jiji. Milima ya pale ina miamba yenye michoro, zaidi ya 150 imeshaorodheshwa, na eneo lote la kilomita za mraba 2,336 liliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Mongomi ndio mwamba unaojulikana kuliko yote. Mimi nimezaliwa Kondoa mjini na nimepanda mara tatu, mara ya kwanza nikiwa darasa la sita na viatu vya shule vinavyoteleza. Kwa hiyo nilikuwa na kitu cha kulinganishia. Nadhani hiyo ndiyo sababu aliniita mimi.

Tuanze na kifaa chenyewe. Kina uzito wa nusu kilo hivi, na nusu kilo iliyoning'inia usoni si nusu kilo ya sukari mkononi. Mimi nimesuka rasta, na ule mkanda wa nyuma hakika haukubuniwa na mtu aliyewahi kusuka rasta. Tulihangaika dakika tano. Dada aliyekuwepo amevaa hijabu alihangaika zaidi yangu. Halafu joto: saa nane mchana Dodoma, uso umefunikwa na sponji, dakika ya nne lenzi zikaanza kupata ukungu. Menyu yote ilikuwa Kiingereza. Haya ni madogo, ila kama unawaza kuwavalisha wanafunzi 40 kwa zamu, yahesabu.

Sasa filamu ikaanza. Giza, halafu ghafla niko chini ya mwamba.

Jamani. Nilitazama juu, na jiwe lilikuwepo juu. Hiki kitu ni kigumu kumweleza mtu ambaye hajavaa. Picha ya jiwe kwenye simu iko mbele yako, mkononi. Hili lilikuwa juu ya kichwa changu, na shingo yangu ilijikunyata yenyewe. Kisayansi hakuna muujiza: ndani ya miwani kuna vihisi vinavyopima kichwa kinageukia wapi, na kompyuta inachora upya mandhari kabla hujagundua. Watengenezaji wengi wanalenga kusiwe na zaidi ya milisekunde 20 kati ya kugeuka kwako na picha kubadilika. Wazo lenyewe ni la zamani. Ivan Sutherland, Mmarekani, alionyesha kifaa cha namna hii mwaka 1968, kizito mpaka kikabidi kishikiliwe na mtambo kutoka darini. Kilichobadilika ni kwamba leo kinakaa kwenye begi la shule.

Basi dakika mbili za kwanza nilikuwa mtoto. Dakika ya tatu nikaanza kuumwa.

Rafiki yangu alifanya kosa ambalo nadhani kila anayeanza hulifanya: alitembea na kamera. Kaishika kwenye fimbo, anapanda njia ya mawe, na mimi nikapandishwa naye. Ndani ya sikio kuna mifereji mitatu midogo yenye majimaji, pamoja na vijiwe vidogo mno, na kazi yake ni kuuambia ubongo mwili unakwenda wapi. Macho yangu yalisema tunapanda mlima. Sikio likasema huyu kakaa kwenye plastiki, hajasogea hata kidogo. Ubongo ukipata taarifa mbili zinazopingana, tumbo ndilo linalopata shida. Wewe unaijua hali hii kinyumenyume: ukisoma ujumbe kwenye simu huku basi linakata kona za milima ya Kondoa, sikio linasema tunakwenda na macho yanasema ukurasa umetulia. Jasho jembamba, mate kujaa mdomoni. Nilivua, nikanywa maji, nikaruka kipande kile. Ushauri wangu kwake ni mfupi: kamera iwekwe kwenye stendi, isimame, anayetazama ndiye ageuke.

Tukafika kwenye michoro. Hapa ndipo nilipokuwa na hamu, na hapa ndipo filamu ilipoanguka.

Kuna mchoro mmoja pale Mongomi ambao huenda umeuona kwenye vitabu: watu watano warefu wembamba, wengine wana vichwa vikubwa kama vimevishwa kitu, na wa katikati anaonekana kama anavutwa huku na huku. Ni mistari myembamba ya rangi nyekundu iliyofifia. Filamu inasimama hapo dakika nzima, mshale mwekundu unaonyesha wapi pa kutazama, msimulizi anasema, "Tazama kwa makini." Nikatazama kwa makini. Nikaona doa la rangi ya matofali.

Nikadhani ni ukungu wa lenzi. Nikafuta. Doa. Nikafanya kile ambacho mwili wako utakifanya bila kukuuliza: nikainama mbele nisogee. Na ukuta wote ukarudi nyuma pamoja nami, kwa umbali uleule, kama mtu anayekukwepa. Filamu ya nyuzi 360 inajua umegeukia wapi tu, haijui umesogea wapi. Ni picha iliyobandikwa ndani ya mpira, na kichwa chako kiko katikati ya mpira. Ukisogea, mpira unasogea nawe.

Lile doa lina hesabu yake, na hesabu ndiyo kazi yangu, kwa hiyo vumilia aya moja. Kamera yake inarekodi pikseli 5,760 kuzunguka duara zima. Gawanya kwa nyuzi 360, unapata pikseli 16 kwa kila nyuzi moja. Miwani yenyewe ina pikseli 1,832 kwa upana kwa kila jicho, zimetandazwa kwenye nyuzi 90 hivi, kwa hiyo ingeweza kuonyesha 20. Jicho zima la binadamu, lisilohitaji miwani ya kusomea, linatenganisha kama 60. Sasa simama mita mbili kutoka ukutani: nyuzi moja inafunika sentimita tatu na nusu za mwamba. Kwa macho yako unaona vitu vya nusu milimita. Kwenye filamu, kila pikseli inabeba milimita mbili na ushee. Mstari mwembamba uliochorwa na mtu aliyejua kazi yake unaingia kwenye pikseli moja, umechanganyika na jiwe la pembeni, na kwaheri. Na hiyo ni hesabu ya ukarimu, maana kamera inabana faili. Hata ilivyobanwa bado inakula megabiti 100 kwa sekunde, yaani dakika 12 ni gigabaiti 9. Jaribu kuituma hiyo kwa bando la wiki.

Mary Leakey alipokuja huku mwaka 1951 kunakili michoro hii kwa mkono, na kitabu chake kikatoka mwaka 1983, alikuwa na karatasi na jicho. Kwa mstari mmoja mmoja, karatasi yake inaishinda miwani hii, tena kwa mbali. Hata picha moja nzuri ya simu inaishinda.

Wakati mshale mwekundu bado unanielekeza kwenye doa, mimi nikachoka, nikageuza kiti, nikaupa mwamba mgongo.

Hapo ndipo niliponyamaza. Nyuma yangu kulikuwa na mwanya kati ya mawe makubwa yaliyosimama kama nguzo, na kupitia mwanya ule, chini kabisa, nchi. Miti, ukungu wa mbali, tambarare inayokwisha mbinguni. Nimepanda pale mara tatu na sikumbuki kugeuka hata mara moja, maana mwalimu na mwongoza wageni wote wanakuelekeza ukutani. Na kitabu nacho kinakata picha kwenye kingo za mchoro. Sikuwahi kujiuliza mtu aliyechora alikuwa na nini mgongoni. Alikuwa na dunia nzima mgongoni. Kwa sekunde 40 miwani ilinipa kitu ambacho hakuna kitabu kimewahi kunipa, na ilikipata kwa bahati mbaya, upande ambao mtengenezaji hakutaka nitazame.

Hili si jambo la mandhari nzuri tu. Mwaka 1992 Imogene Lim aliandika tasnifu yake ya udaktari kuhusu michoro ya Usandawe, jirani kabisa na hapa, na hoja yake ilikuwa kwamba tusianze na picha, tuanze na mahali: kwa nini mwamba huu ulichorwa na ule haukuchorwa, watu walikuwa wanafanya nini pale. Kwa mtazamo huo, ule mwanya na ile tambarare ni sehemu ya maandishi yenyewe. Sasa tazama kichekesho: tuna kifaa kisichoweza kuonyesha mchoro lakini kinaonyesha mahali kuliko kingine chochote, halafu tunakitumia kuonyesha mchoro. Ni sawa na kununua darubini ukaitumia kusomea gazeti.

Kuna jambo la pili, na hili sikuligundua mimi. Wikiendi ile nilikwenda nyumbani Kondoa na miwani nikaiazima. Bibi yangu ni Mrangi, magoti yake hayapandi tena mlima wowote. Nikamvalisha taratibu juu ya kilemba, nikamwekea kipande kisichotembea. Alitazama kimya muda mrefu, mkono umeshika wangu.

"Mbona hakuna mtu?" akauliza.

"Bibi, ni michoro. Watu walishaondoka zamani."

"Nani kakwambia wameondoka?"

Bibi yuko sahihi, na utafiti unamuunga mkono. Mongomi mpaka leo ni mahali pa matambiko. Watu wa pale wanapanda kuomba mvua, kuombea wagonjwa. Mtafiti wa Kitanzania Emmanuel Bwasiri amechapisha kazi kuhusu suala hilihili, kwamba uhifadhi wa pale unauangalia ukuta na kuusahau urithi unaoishi. Filamu ya rafiki yangu imefanya vilevile. Nilipomuuliza, akasema mwongozaji alikuwa naye muda wote, ila alimwomba ajifiche nyuma ya jiwe wakati wa kurekodi ili "pasionekane fujo". Yaani mtu pekee pale aliyekuwa na la kusema aliombwa asionekane, halafu sauti ya msimulizi ikarekodiwa Dodoma. Simwambii arekodi tambiko, hapana, hilo halimhusu yeye wala mimi. Namwambia mwongozaji atoke nyuma ya jiwe. Nikivaa miwani nataka kumkuta pale, anisalimie, nijue nimeingia kwa watu.

Kwa nini nakazania filamu ya dakika 12 ya mpiga picha za harusi? Kwa sababu mwalimu mmoja wa sekondari aliyeitazama siku ileile alivua miwani, akafuta jasho, akasema kwa furaha ya kweli: "Tukipata tano za hivi, hatuhitaji tena basi la kwenda Kolo." Namuelewa. Basi ni pesa, chakula ni pesa, mzazi mmoja akikataa ni tabu. Lakini wanafunzi wake wakivaa filamu hii kama ilivyo watarudi nyumbani wakijua kwamba huko Kolo kuna doa jekundu na hakuna mtu, na kwamba sayansi ni kutapika. Afadhali picha kubwa iliyochapishwa, ibandikwe ukutani darasani, na miwani moja tu kwa ajili ya kugeuka nyuma. Na basi liendelee kutafutwa. Yule wa darasa la sita mwenye viatu vinavyoteleza alijifunza kitu kwa goti lililochubuka ambacho vihisi havipimi.

Wapo watakaosema njia sahihi ni kupiga picha mamia na kuujenga mwamba wote kwa vipimo, ili ukisogea nao ukae mahali pake. Ni kweli, na hapa Tanzania imeshafanyika: magofu ya Kilwa Kisiwani yamepimwa hivyo, na tangu mwaka 2020 unaweza kuyatazama kwenye Google Arts & Culture. Kwa Mongomi ningeipokea kwa mikono miwili. Ila hata hiyo haitakuambia uelekeze uso wapi, wala nani awepo.

Rafiki yangu kaisoma rasimu hii. Hakukasirika sana. Kakubali kurudi, kuweka stendi kwa urefu wa mtu aliyekaa, kufuta ule mshale, na kumwomba mwongozaji asimulie mwenyewe kama ataridhia. Tulipanga Jumamosi hii. Jana kapiga simu: betri ya kamera imevimba, anatafuta fundi.